Pippi, Emil, Ronja au ndugu wa Lejonhjärta: umwanzishie mtoto kitabu gani cha Astrid Lindgren?

Siku moja binti yangu alirudi kutoka chekechea, hapa Sweden tunakoishi, akavua viatu mlangoni nikaona amevaa soksi moja ya kahawia na nyingine nyeusi. Nikadhani zimechanganywa na za mwenzake. "Hapana mama," akasema, "leo nilikuwa Pippi." Alikuwa na miaka 5. Jioni ileile kaka yake, aliyekuwa na miaka 9, akatoa kwenye begi la shule kitabu cha maktaba chenye picha ya msichana mwenye nywele nyeusi zilizotimka. Huyo alikuwa Ronja. Watoto wawili, vitabu viwili, mwandishi mmoja.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma vitabu vya Astrid Lindgren kitandani kwa watoto, macho yakiwa kwenye Kiswidi na ulimi ukitoa Kiswahili. Na kila mara mzazi mwenzangu huniuliza: mimi nianze na kipi? Huniuliza walio huku, ambao watoto wao wanaletewa vitabu hivi na shule wapende wasipende, na ameniuliza wifi yangu aliyeko Dar es Salaam mwenye nakala za Kiingereza. Wengi humjibu mtu haraka: anza na Pippi, si ndiye maarufu? Mimi sikubali kwamba Pippi anamfaa kila mtoto. Vitabu vinne ninavyoviweka hapa bega kwa bega vimetoka kwenye mkono mmoja, lakini kinachomchekesha mtoto huyu kinaweza kumkosesha yule usingizi.

Kwanza mwandishi mwenyewe, kidogo tu. Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1907 katika shamba la Näs, pembeni mwa mji mdogo wa Vimmerby huko Småland, jimbo la kusini mwa Sweden, mmoja wa watoto wanne wa mkulima. Akiwa na miaka 18 alipata mimba ya mhariri mkuu wa gazeti la mji alikokuwa akijifunza kazi. Kwa mji ule na zama zile, hilo lilikuwa jambo la kumhamisha mtu. Akaenda Stockholm, akajifungulia Copenhagen Desemba 1926, akamwacha mwanawe Lars kwa mama mlezi kulekule Denmark, yeye akarudi kwenye kazi za ukarani na kudunduliza nauli ya kwenda kumwona. Ilipita miaka kabla mama na mwana hawajalala tena chini ya paa moja. Siyasemi haya kwa umbea. Ukishayajua, unaanza kuona swali lililomo ndani ya kila kitabu chake: mtoto huyu amebaki na nani?

Pippi hana mzazi hata mmoja nyumbani. Emil ana baba, mama, dada na kijiji kizima cha kumlalamikia. Karl wa Lejonhjärta ana kaka yake. Ronja ana wazazi wanaompenda kiasi cha kumziba pumzi, na itafika siku atawaacha. Mimi huchagua kitabu kwa kuangalia hapo kwanza. Umri huja baadaye.

Pippi na Emil

Hawa wawili ndio wachekeshaji, na ndio mzazi huwa anasita kati yao mtoto akiwa bado mdogo.

Pippi alianzia kwenye kitanda cha mgonjwa. Mwaka 1941 Karin, binti wa Astrid, alikuwa amelala na homa ya mapafu, akamwomba mama yake amsimulie habari za Pippi Långstrump. Jina alilibuni palepale. Mama hakumuuliza ni nani. Alianza kusimulia, na kwa kuwa jina lilikuwa la ajabu, msichana naye akatoka wa ajabu. Machi 1944 Astrid aliteleza kwenye barafu akateguka kifundo cha mguu, na kwa kuwa alilazimika kukaa kitandani akaziandika hadithi zile kwa hatimkato, ufundi wake wa ukarani. Mchapishaji wa kwanza alimrudishia muswada. Rabén & Sjögren waliupa tuzo ya kwanza katika shindano lao na kuutoa mwaka 1945, ukiwa na michoro ya Ingrid Vang Nyman, msanii kutoka Denmark. Ukipata nakala yenye michoro hiyo, ishike. Rangi zake ni kavu na kali kama khanga mpya, na mtoto hubaki akiangalia ukurasa hata baada ya wewe kunyamaza.

Pippi ana miaka 9. Anaishi peke yake katika nyumba iitwayo Villa Villekulla, na farasi barazani, tumbili aitwaye Herr Nilsson, na sanduku lililojaa sarafu za dhahabu. Nguvu zake hazina mfano: humnyanyua farasi kwa mikono. Polisi wawili wanapokuja kumpeleka kwenye nyumba ya watoto yatima, anawakimbiza mchezo wa kugusana mpaka juu ya paa, kisha anawabeba kwa mikanda yao mpaka nje ya geti. Siku anapokwenda shuleni (anakwenda kwa sababu anaona ni dhuluma wenzake wapate likizo ya Krismasi na yeye asipate), mwalimu anamuuliza saba na tano ni ngapi, naye anamjibu kwamba kama mwalimu mwenyewe hajui, asimtegemee yeye amfanyie hesabu. Mwalimu anapotaja jibu ni kumi na mbili, Pippi anashangaa kweli: kumbe ulikuwa unajua, sasa uliuliza nini?

Nilipomsomea binti yangu hapo, aliyezaliwa huku na kuzoea kumwita mwalimu kwa jina, alicheka akaendelea kula tufaha. Mtoto wa wifi yangu, anayesoma Dar, alifunika mdomo kwa mikono miwili akaangalia mlango. Kwa mtoto aliyezoea kusimama mwalimu anapoingia darasani, sura hiyo ina moto ambao watoto wa Kiswidi wa leo hawausikii tena. Na ndivyo walivyousikia watu wazima wa Sweden wenyewe: mwaka 1946 profesa John Landquist aliandika gazetini kukilaani kitabu hiki vikali. Kwa hiyo mtoto mtiifu, mwoga wa kukosea, anayeshikwa na tumbo siku ya mtihani, huyo mpe Pippi bila kusubiri.

Lakini yako mambo mawili ya kujua kabla hujamfungulia.

La kwanza ni upweke. Mama yake Pippi alikufa yeye akiwa mchanga, na baba yake, nahodha Efraim, alipeperushwa na dhoruba kutoka melini. Pippi anaamini mama yuko mbinguni anachungulia kwenye tundu dogo, basi humpungia mkono na kumwambia asiwe na wasiwasi, yeye anajimudu. Watoto wengi hupita hapo wakikimbilia kichekesho kinachofuata. Mtoto aliyefiwa hapiti. Mwisho wa kitabu cha tatu, majirani zake Tommy na Annika wanamwona kupitia dirishani, amekaa mezani usiku, kichwa mikononi, akiangalia mshumaa. Kisha anauzima. Hadithi imeishia hapo. Binti yangu aliniuliza kwa nini hawakwenda kumwita aje kulala kwao. Sikuwa na jibu zuri.

La pili linatuhusu sisi hasa. Pippi ni mwongo kwa ufundi. Hutunga habari za nchi za mbali kama anavyopumua. Huko Argentina, anasema, likizo ya Pasaka huanza siku tatu baada ya likizo ya Krismasi kwisha. Hilo halina ubaya. Lakini katika sura ya kwanza kabisa anawaambia Tommy na Annika kwamba Kongo hakuna hata mtu mmoja asemaye kweli, wanadanganya kuanzia saa moja asubuhi hadi jua linapozama. Ni uongo anaoutumia kujitetea kwa uongo mwingine, na kitabu kinajua kuwa anadanganya. Hata hivyo, darasani kwa mwanangu kulikuwa na watoto wawili ambao wazazi wao wametoka Bukavu na Kiswahili chao ndicho hiki tunachosema. Mtoto wa Kikongo anasikia nini mwalimu akilisoma hilo mbele ya wenzake wanaocheka? Mimi kwa mtoto wa miaka 5 sikuisoma sentensi hiyo. Kwa yule wa 9 niliisoma kama ilivyo, nikafunga kitabu, tukaongea. Baba yake Pippi pia, katika chapa za zamani, anatajwa kwa neno la kuwadharau watu weusi. Chapa mpya ya Kiswidi ya mwaka 2015 imeliondoa na kumwita mfalme wa Bahari ya Kusini. Angalia mwaka wa chapa kabla ya kununua. Na kitabu cha tatu, ambamo Pippi anakwenda kisiwani kwa baba yake na watoto wa kisiwa wanamwinamia kwa sababu ya weupe wa ngozi yake, mimi huwasomea ukurasa wa mwisho ule wa mshumaa tu. Viwili vya mwanzo vinatosha.

Emil hana mzigo huo. Vitabu vyake vitatu vikuu vilitoka 1963, 1966 na 1970, vikiwa na michoro ya Björn Berg, na vimetokana na masimulizi ya baba yake Astrid kuhusu utoto wake mwenyewe Småland. Mjukuu wa Astrid wa miaka 3 alikuwa analia hanyamazi, bibi akamuuliza: unajua Emil wa Lönneberga alifanya nini siku moja? Mtoto akanyamaza ili ajue.

Emil anaishi kwenye shamba la Katthult. Maisha yake ni ya shamba la watu wa kawaida, wala hakuna uchawi. Supu imebaki chini ya bakuli kubwa, Emil anataka kuimaliza, anaingiza kichwa, kichwa hakitoki. Bakuli ni moja tu nyumbani, na ghali. Baba hataki livunjwe, basi wanampeleka mtoto kwa daktari katika mji wa Mariannelund na bakuli lake kichwani. Akiwa kwa daktari anainama kusalimia kwa adabu, bakuli linagonga meza na kupasuka. Wazazi wanaligundisha kwa gundi. Jioni ileile, akimwonyesha dada yake Ida ilivyokuwa, anakwama tena. Siku nyingine anampandisha Ida kwenye mlingoti wa bendera, kwa sababu Ida alitaka kuiona Mariannelund. Unaona namna kosa lilivyotokea? Emil hapangi ubaya. Huwa na wazo zuri ambalo halijafikiriwa mpaka mwisho, na mtoto anayesikiliza anaiona ajali inakuja kabla Emil hajaiona. Hapo ndipo mtoto wa miaka 5 anapojiona mwenye akili kuliko mtu wa kitabuni, na hutaki kumnyima raha hiyo.

Baada ya kila kosa baba yake, Anton, hupiga kelele za jina lake na Emil hukimbilia au hufungiwa kwenye banda la useremala. Humo anachonga mwanasesere wa mti, mmoja kwa kila kosa, wakajaa rafu nzima. Mama yake huandika makosa hayo kwenye madaftari ya buluu. Siku wanakijiji walipochanga fedha ili Emil apelekwe Marekani, mama aliwarudishia kwa hasira. Na msimulizi ameshatuambia mapema kwamba huyu mtukutu atakuja kuwa mwenyekiti wa halmashauri yao.

Kama mwanao ndiye anayeitwa mtukutu, kama walimu wanakupigia simu, mwanzishie Emil usiku huu. Asikie mama yule akisema mwanangu ni mzuri, na asikie msimulizi naye akikubali.

Mwaka 1978, akipokea Tuzo ya Amani ya wauza vitabu wa Ujerumani mjini Frankfurt, Astrid alizungumzia kipigo cha watoto. Alisimulia habari ya mama aliyemtuma mwanawe mdogo nje akatafute fimbo ya kuchapiwa. Mtoto alikawia, akarudi analia: fimbo sijaipata, lakini hili hapa jiwe, unaweza kunirushia. Mama akaliweka jiwe lile kwenye rafu ya jikoni, libaki pale. Mwaka uliofuata, 1979, Sweden ikawa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kwa sheria kumchapa mtoto, hata nyumbani. Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza adhabu ya viboko. Tanzania kiboko bado kina kanuni zake shuleni. Mimi nimelelewa na fimbo na sikuwahi kuhoji mpaka nilipokuwa nikimsomea mtoto habari za banda la useremala, akaniuliza kwa nini baba yake Emil hamchapi ilhali ana hasira vile.

Kuna tahadhari ndogo kwa nyumba za Kiislamu. Katthult wanakula nguruwe sana, soseji na maandazi ya damu, na kuna kisa kizima ambamo Emil na nguruwe wake wanalewa kwa kula cheri zilizotolewa kwenye mvinyo, bila kujua. Unaweza kukiruka; visa vinajitegemea. Kitabu cha kwanza cha Emil kina siku tatu tu, yaani jioni tatu nne na umekimaliza. Kile cha kwanza cha Pippi kina sura 11, nazo zinasomeka moja moja.

Sababu hasa inayonifanya nimweke Emil mbele ya Pippi kwa watoto wengi iko mwishoni kabisa. Alfred, kibarua wa shamba na rafiki mkubwa wa Emil, amejikata mkono, jeraha limeoza, mstari mwekundu unapanda mkononi. Nje dhoruba ya theluji imefunga njia. Baba anasema haiwezekani kufika kwa daktari, na ni kweli, haiwezekani. Alfajiri Emil anamfunga farasi, anamlaza Alfred kwenye sleji, na kuondoka bila kumwambia mtu. Njiani wanaambiana tu: mimi na wewe, Alfred, mimi na wewe, Emil. Nilishindwa kuendelea kusoma ikabidi mwanangu anipokee kitabu. Ule utundu wa vitabu vyote vitatu, ule wa kutenda kabla ya kuomba ruhusa, ndio uliomwokoa mtu. Pippi anaweza kumwokoa yeyote kwa kuwa ana nguvu za ajabu. Emil ana miguu ya mtoto kwenye theluji.

Ndugu wa Lejonhjärta na Ronja

Hapa tumetoka kwenye kicheko. Vitabu hivi ni vya hadithi moja ndefu, huwezi kuruka sura, na vyote vilichorwa na Ilon Wikland, aliyezaliwa Estonia. Wazazi hunitajia viwili hivi kama ni ndugu, lakini ukiweka kimoja mkono huu na kingine ule, uzito si mmoja.

Bröderna Lejonhjärta, yaani ndugu wenye moyo wa simba, kilitoka 1973, mwandishi akiwa na miaka 65. Karl, mtoto wa karibu miaka 10, ni mgonjwa, amelala jikoni kwenye kochi, na amesikia kwa bahati mbaya kwamba atakufa. Kaka yake Jonatan, wa miaka 13, mzuri wa sura na moyo, anamfariji kwamba akifa atakwenda Nangijala, nchi ya hadithi na mioto ya kambi. Kisha nyumba inashika moto, na Jonatan anamweka mdogo wake mgongoni na kuruka dirishani. Anayekufa ni Jonatan. Karl anabaki akijua kuwa majirani wanaona bora angekufa yeye. Hayo yote yamo kwenye kurasa za mwanzo.

Wanakutana tena Nangijala, na huko wanakuta si raha tupu: kuna Tengil mkatili na jike la joka liitwalo Katla. Kuna mahali Orvar, mpigania uhuru, anamwambia Jonatan, asiyekubali kuua mtu hata vitani, kwamba kama wote wangekuwa kama yeye uovu ungetawala milele. Karl anajibu: kama wote wangekuwa kama Jonatan, uovu usingekuwepo. Mwanangu aliniomba nilirudie hilo mara mbili, kisha akabishana na Orvar mpaka tulipozima taa. Mwishoni Jonatan ameguswa na moto wa Katla, hawezi tena kusogea, na sasa ni Karl mdogo anayembeba kaka yake na kuruka gizani kuelekea Nangilima.

Wakosoaji wa Sweden waligombana sana juu ya mruko huo: je, unamfundisha mtoto kwamba kifo ni njia ya kutokea? Sioni kuwa ni swali la kupuuzwa. Kama mtoto wako amewahi kusema hataki kuishi, usimwachie kitabu hiki asome peke yake. Kaa naye au kiache. Lakini kwa mtoto aliyefiwa, aliyeambiwa "Mungu amempenda zaidi" na kutolewa chumbani ili wakubwa waongee, sijakutana na kitabu kingine kinachozungumza naye bila kumficha. Astrid amesimulia kuwa wazo lilimjia kwenye makaburi ya Vimmerby, mbele ya msalaba wa ndugu wawili wadogo waliokufa mwaka 1860. Na majina ya nchi zile, Nangijala na Nangilima, yanakaa mdomoni mwa Mswahili kana kwamba ni vijiji vya kwetu. Binti yangu aliyachukua bila kuyavunja.

Msomaji Mwislamu au Mkristo atauliza kuhusu akhera hii isiyo na Mungu. Mimi nilimwambia mwanangu: hivi ndivyo Jonatan alivyomfariji mdogo wake, sisi tuna yetu tunayoamini. Akaelewa upesi kuliko nilivyotarajia.

Ronja ni jambo jingine. Kilitoka 1981, Astrid akiwa na miaka 73, na ndiyo riwaya yake ndefu ya mwisho. Ronja anazaliwa usiku wa radi ndani ya ngome ya wanyang'anyi, na usiku huohuo radi inaipasua ngome katikati. Upande mmoja wa ufa anaishi baba yake, Mattis. Upande wa pili baadaye anahamia adui wa baba, Borka, na mwanawe Birk, aliyezaliwa usiku uleule. Watoto hao wawili wanaanza kwa kutukanana wakirukaruka juu ya ufa, Birk anateleza, Ronja anamwokoa, na mwisho wanaitana dada na kaka kwa siri.

Nikuonyeshe ukurasa mmoja tu. Siku ya kwanza Ronja anaporuhusiwa kwenda msituni peke yake, baba anampa maonyo. Jihadhari usitumbukie mtoni. Nikitumbukia nifanye nini? Ogelea. Na usianguke kwenye Ufa wa Jehanamu. Nikianguka nifanye nini? Hapo hutafanya kitu tena, anasema baba, na kunguruma kwa huzuni kama balaa lote limekaa kifuani mwake. Ronja anaondoka na kufanya nini? Anakwenda mtoni kujifunza kujihadhari na mto, pale kwenye maji yanayochemka, kwa sababu mtu atajihadharije na kitu asichokikaribia? Kila mzazi aliyewahi kumruhusu mtoto apande daladala peke yake kwa mara ya kwanza anaijua sauti ya Mattis.

Kisha baba anamteka Birk, na Ronja anaruka ufa kwenda upande wa adui ili wabadilishane. Mattis anasema hana mtoto. Nimewahi kusikia maneno hayo yakisemwa kwa Kiswahili, kwa sauti ileile, kwenye kikao cha ukoo. Watoto wanahamia pango la dubu msimu mzima wa kiangazi, wanakula samaki na kukamua maziwa ya farasi mwitu, wanagombana kwa sababu ya kisu, na baridi inakaribia.

Kwa hofu za usiku, Ronja ni mwepesi kuliko Lejonhjärta. Viumbe wake wa msituni, wenye makucha na wanaocheka gizani, wanatisha kisha wanaondoka. Kifo kipo, mzee Skalle-Per anakufa, lakini anakufa mzee, na Mattis anamlilia waziwazi mbele ya wanaume wote. Mwanaume wa kitabuni anayelia hivyo, mnyang'anyi mkuu, alimshangaza mwanangu kuliko majini yote.

Sasa uchague

Mtoto wa miaka 5 mpaka 7 ambaye bado hajazoea kusomewa: Emil. Mwenye aibu na mtiifu kupita kiasi, miaka 6 mpaka 9: Pippi, na chapa mpya. Miaka 9 na kuendelea, mwenye kiburi kinachoanza kuota, anayefunga mlango wa chumba: Ronja, na msome pamoja kwa sababu nusu ya kitabu ni yako wewe mzazi. Aliyefiwa na ndugu au mzazi, kuanzia miaka 9 hivi: Lejonhjärta, ukiwa umekisoma wewe kwanza mpaka mwisho. Usimpe kwa kubahatisha eti kwa sababu jalada lina farasi.

Ukiwa na fedha ya kitabu kimoja tu kwa watoto wa umri tofauti, nunua Emil wa kwanza. Ni kifupi, kinavumilia kusomwa mara kumi. Huku Sweden maktaba zote zinavyo bure, kwa hiyo fedha weka kwa ajili ya Ronja, maana huyo watoto hawataki kumrudisha.

Vingine navitaja tu. Bullerbyn, cha 1947, ni kitulivu mno, watoto sita katika nyumba tatu. Kizuri kwa mtoto anayetaka kusikia kuwa leo hakukutokea baya lolote. Mio, cha 1954, ni daraja zuri kabla ya Lejonhjärta. Karlsson wa juu ya paa sisi hakutushika. Na ukiulizwa kuhusu Selma Lagerlöf na mvulana wake anayeruka na mabata bukini: aliandika kitabu hicho 1906 na 1907 kwa ajili ya somo la jiografia shuleni, ni kitabu kikubwa, lakini kwa mtoto asiyeijua ramani ya Sweden ni safari ndefu. Mwachie mpaka darasa la tano.

Kwetu sasa ni zamu ya binti kumsikia Ronja. Amefikisha miaka 8. Jana usiku tuliishia pangoni: Lovis, mama yake Ronja, amekuja msituni na mkate, amekaa karibu na mwanawe, hamlazimishi arudi. Binti yangu alinishika mkono akaniambia nisigeuze ukurasa kwanza.